Dukani Inalia, Nyumbani Inanong'ona

Saa tatu asubuhi, Tandika, Temeke. Fundi redio Sadallah Mbwana amebana hedifoni kubwa nyeusi kati ya magoti, amegusisha ncha za mita kwenye plagi yake na anatikisa kichwa.

"Imeandikwa omu mia sita, na mita inakubali," anasema. "Wamemuuzia mama wa watu atumie kwenye wokmeni ya betri mbili. Hawana haya hawa wenye maduka."

Mama wa watu ni Bi Somoe, mjane wa mtaa wa pili, aliyeketi kwenye benchi la wateja. Mwanawe, Faraji, anafanya kazi Muskati. Haandiki barua, hurekodi kaseti na kumpa mtu anayerudi Dar. Mama huzisikiliza kwenye wokmeni, kwa hedifoni, maana nyumba ni ya kupanga na habari za mwanawe si za wapangaji wote.

Hedifoni ya zamani ilipokatika, alikwenda kununua nyingine kwenye duka la sokoni. Kama kawaida yetu, hakutoa hela mpaka kitu kijaribiwe mbele yake, kama balbu inavyowashwa dukani kabla ya kulipiwa. Muuzaji akaichomeka kwenye redio kubwa ya mezani, ile inayotumia umeme wa ukutani. Ikalia mpaka Bi Somoe akaivua haraka. Akalipa.

Nyumbani, Faraji alisikika kwa mbali. Mama aliongeza sauti hadi mwisho, akabadilisha betri, wapi. Hakukishuku kifaa, alihofia hali ya mtoto.

"Nikajua mwanangu anaumwa, hata nguvu ya kusema hana," anasimulia. "Chakula kilikuwa hakipiti."

Jirani ndiye aliyemshauri airudishe dukani. Huko akaambiwa kitu kilijaribiwa na kililia akisikia mwenyewe. Kama wokmeni imeharibika, akamuulize fundi aliyeifungua.

Aliyeifungua ni Sadallah, alipobadilisha mpira wake wa kuzungushia kaseti. Tangu bidhaa za nje zianze kumwagika madukani, kwa kila hedifoni isiyofaa anabebeshwa lawama yeye, na wateja wanamhama.

"Kuna jinsi hedifoni inavyouzuia umeme, ndiyo hizo omu. Na kuna inavyoitika ikishaupata," anaeleza. "Hii inauzuia sana, halafu inaitika kivivu. Redio ya mezani inaisukuma, wokmeni haina ubavu huo. Sasa unamjaribiaje mtu kwa redio ambayo hana?"

Mwandishi alimpelekea muuzaji swali hilo. Alijibu kwamba yeye anauza, hafundishi, kisha akamgeukia mteja mwingine na kuichomeka hedifoni nyingine kwenye redio ile ile. Inaudhi.

Sadallah anatoa hedifoni yake ndogo ya sponji, ya omu thelathini na mbili, anaichomeka kwenye wokmeni ya Bi Somoe na kumvalisha. Mama anashtuka, anapunguza sauti. Machozi yanamtoka.

"Mzima huyu," anasema. "Anafoka. Ananigombeza sijamjibu kaseti yake iliyopita."

Fundi ameamua kuanzia leo kumwambia kila mteja wake aende dukani na wokmeni yake mwenyewe, na asitoe hata senti mpaka hedifoni ilie kwenye hiyo. Anataka maduka yote ya Tandika yazoee hivyo.

Bi Somoe hasubiri wazoee. Anaifunga wokmeni kwenye pindo la kanga, anaikwapua ile hedifoni nyeusi na kusimama.

"Twende, fundi mwanangu. Wakaijaribu kwenye hii yangu, wateja wao wakiona."