Miti ya Chini ya Mwezi

Juzi nilipokuwa nikitoka Kabambare kwenda Kasongo, pikipiki ilituzimikia kwenye kilima. Dereva, kijana mpole, akafungua mashine, akaitazama, akaifunga, kisha akakaa kwenye nyasi kumngoja mwenzake amletee plagi. Akatoa simu. Nikachungulia, maana mimi ni mwalimu na kuchungulia ni nusu ya kazi yangu. Ilikuwa filamu ya watu wa chuma wanaopigana na watu wa nyama kwenye nyota fulani ya mbali. Aliitazama kwa kuisukuma mbele kwa kidole, mbele, mbele tena, akasimama kidogo kwenye mapigano, halafu akaizima.

"Uwongo tu, Madame," akaniambia. "Hii yote wanatengeneza mu ordinateri, ile kompyuta."

Nilikumbuka nyumba moja ya udongo nyuma ya soko la Kasongo, na jambo nililolifanya humo nikiwa na miaka kumi na minne. Hata mume wangu sijamweleza vizuri. Wewe acha nikueleze, kwa kuwa wewe na mimi tuna muda, na pikipiki bado haijawaka.

Nyumba hiyo ilikuwa ya video. Paa lake lilikuwa la bati upande mmoja na turubai upande wa pili, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga wa alasiri usiingie. Ndani kulikuwa na viti vya mianzi vilivyotupiga alama mapajani, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na nje, nyuma ya ukuta, jenereta iliyonguruma na kutupulizia harufu ya petroli. Mlangoni alikaa bibi yangu na beseni la mikate ya mafuta na sinia la karanga. Kazi yangu kila siku ya soko ilikuwa kuteka maji, kutwanga sombe ya jioni, yale majani ya mihogo, kukaanga karanga hizo bila kuziunguza, kisha kumbebea sinia. Malipo yangu yalikuwa kuingia bure.

Mwenye nyumba tulimwita Musemaji. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akipunguza sauti ya filamu hadi ibaki mnong'ono, halafu akatusemea kila kitu kwa Kiswahili chetu. Kiingereza hakujua hata neno la salamu, na shule aliiacha mapema sana. Alikuwa akiitazama filamu peke yake mara moja, anakuna kidevu, na kesho yake hadithi iko tayari. Chombo kilichotoka angani kilikuwa kinatua ng'ambo ya Lualaba. Mkubwa wa maadui alikuwa anazungumza kama wakala wa kodi. Shujaa, ambaye sisi tulimwita akteri, mara nyingi alikuwa mtoto wa Kabambare aliyepotea njia akafika kwenye nyota. Jenereta ilipozimika katikati ya vita hakuna aliyetoka. Musemaji aliendelea kusema gizani, na nakuapia, picha zile ambazo hazikuwapo ndizo ninazozikumbuka vizuri zaidi.

Usidhani tulikuwa wajinga tunaokubali kila kitu. Tulikuwa wabishi kupita kiasi. Ila kila mtu alibisha kwenye kipande chake. Mtu akipita ukutani kama moshi, sawa. Bunduki ikitoa umeme badala ya risasi, haya. Lakini akteri akikaa siku tatu kwenye matope na shati lake bado jeupe, akina mama walipiga kelele: nani anafua? Bibi yangu, ambaye hakuingia ndani hata siku moja na alifuata filamu kwa masikio kutoka mlangoni, alikuwa akiuliza, "Hawa watu wanakula saa ngapi?" Basi Musemaji akawa anawapikia. Kabla ya vita kubwa alitutangazia kwamba wamekula bugali na samaki, wameshiba, sasa wanaondoka.

Wabishi wakubwa walikuwa wachimbaji wa dhahabu walioshuka kutoka Lusangi siku za soko. Hao walikuwa watu wa kila mahali na kila dini, wenye udongo kwenye kucha usiotoka kwa sabuni. Ilikuwapo filamu moja waliyoipenda, ya watu wanaochimba madini chini ya mwezi. Wachimbaji waliukubali mwezi. Walizikubali kofia za kioo, na wale walinzi wa chuma wenye macho ya bluu, na kuruka kutoka ukingo hadi ukingo kama panzi. Lakini akteri alipoingia kwenye shimo lisilo na nguzo hata moja, nyumba nzima iliwaka.

"Miti iko wapi? Musemaji, miti iko wapi?"

Walimaanisha miti inayoshikilia udongo usiwaangukie. Mchimbaji wa Lusangi anaweza kukosa viatu, anaweza kukosa chakula, lakini haingii shimoni bila kutazama miti kwanza. Musemaji hakutetereka. Aligonga televisheni kwa fimbo. "Miti waliweka jana. Miti ya Kabambare, migumu. Haionekane sababu kamera iko mbele yake." Wakaguna, wakaridhika, wakaketi. Tangu siku hiyo, kila ilipowekwa filamu hiyo, walimuuliza, naye akawajibu vilevile, na swali lenyewe likawa sehemu ya filamu.

Sasa nikwambie juu ya jirani yetu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na mstari wa mihogo. Mwanawe mkubwa alikwenda Lusangi kuchimba, na mvua ya msimu mmoja ikaangusha shimo akiwa ndani. Wenzake walichimba siku nyingi wasimpate. Wazee wa msikiti walimjia mama yule kwa upole wakamwambia wamsomee kijana dua na familia ikae matanga. Akakataa. Alisema mtu ambaye hajatolewa hakaliwi matanga. Mkeka wa msiba haukutandikwa, nywele hakuacha kusuka, na chungu alichompikia mwanawe hakukigawa.

Huyu ndiye aliyekuwa akija kila siku ya soko kuitazama filamu ya mwezi. Alikaa kiti cha mbele, leso begani. Katika filamu hiyo shimo linaanguka, akteri anabaki chini, mama yake anasubiri juu na kofia yake ya kioo. Mwishoni kabisa mtu anatoka kwenye vumbi, anatembea polepole, anamkumbatia mama. Hapo Musemaji alikuwa akishusha fimbo na kusema kwa sauti ndogo, "Ametoka. Ametoka muzima. Anasema: Mama, nimerudia, uko na chakula?" Na jirani yetu alikuwa akijibu kwa sauti, kila mara, "Iko, baba. Iko." Kisha anajifunga leso, ananunua karanga za bibi, anakwenda nyumbani. Hakuna aliyecheka. Wachimbaji wenyewe, watu wa matusi, walitazama miguu yao.

Mwaka huo shuleni kwetu, shule ya kanisa, tulianza Kiingereza. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima, na sifa ile ilinipanda kichwani kama homa. Nilisoma maandishi ya makopo ya maziwa. Niliwasahihisha watu wasioniuliza. Na siku moja ya soko nikakaa mbele, karibu na televisheni kuliko siku zote, sikio langu kwenye ule mnong'ono ambao hakuna mwingine aliyeujali.

Mtu akatoka kwenye vumbi. Musemaji akashusha fimbo. "Ametoka. Ametoka muzima."

Na mimi nikasimama. "Uwongo!" nikasema. "Hawasemi hivyo. Wanasema amekufa. Huyu si yeye, ni mashine. Wamemtengeneza wa chuma wakamvalisha sura yake ili mama asilie. Musemaji hajui Kiingereza!"

Nilisema kweli tupu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sina hata kosa la kusingizia. Nilitegemea mshangao, labda makofi. Nilipogeuka nikaona uso wa jirani yetu, mdomo umefunguka tayari kujibu kwamba chakula kipo. Aliufunga. Alisimama taratibu, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka. Mchimbaji mmoja mzee akamwambia Musemaji, "Zima." Musemaji akaenda nyuma ya ukuta, na jenereta ikanyamaza.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikusanya karanga zake ambazo hakuna aliyezinunua, akanitwika sinia, na njiani akaniambia neno moja tu. "Umeshiba sasa?"

Wiki ile ile jirani yetu alitandika mkeka. Alinyoa nywele. Wanaume walisoma dua, wanawake walipika, na mimi nilipeleka maji kama mtoto yeyote wa jirani, ndoo baada ya ndoo, bila kuweza kumtazama. Nilisikia watu wakisema ni vizuri, hatimaye amekubali, kijana atapumzika. Huenda ilikuwa vizuri kweli. Lakini mimi nilijua aliambiwa na nani, na kwa nini. Sikumwambia kwa huruma. Nilimwambia ili watu wajue kwamba ninajua Kiingereza.

Nyumba ya video haikupona. Musemaji aliweka filamu nyingine, akaanza kusema, na watu wakawa wanamsikiliza kwa nusu ya sikio huku macho yakinitafuta. Nilipoacha kwenda, macho yalitafutana yenyewe, kisha wakamuuliza Musemaji kama ndivyo filamu inavyosema. "Njo wanasema vile kweli?" Mtu akishaulizwa hivyo mara tatu, ulimi unakuwa mzito. Wachimbaji hawakuuliza tena miti iko wapi. Mwishowe Musemaji aliongeza sauti ya filamu, akaketi kwenye kiti kama mteja, na wote wakatazama Kiingereza ambacho hawakukielewa. Viti vikapungua watu. Kabla ya msimu wa mvua kurudi, alifunga televisheni juu ya baiskeli kwa kamba za mpira akashika njia ya Kabambare kwenda kuuza sabuni na chumvi. Nilimwona akipita. Alininyanyulia mkono, kana kwamba hakuna lolote, nami nikajificha nyuma ya mihogo.

Miaka ilipita, nikasoma, nikapewa kazi ya kufundisha huko huko Kabambare. Wiki ya kwanza nilimuulizia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, na nilikuwa nimeyaandaa kwa urefu, unajua sisi walimu. Nikaonyeshwa kaburi. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Basi pikipiki ikawaka, tukafika Kasongo. Safari yangu ilikuwa ya kuitazama nyumba ya bibi, ambaye naye hayupo, kabla ukuta haujaanguka wote. Nyuma ya soko, mahali pa video, siku hizi mtu anachaji simu za watu kwa paneli za jua. Simu zilikuwa zimelala mezani, nyingi, kila moja na waya wake, na ndani ya kila moja, nadhani, filamu zaidi ya zile zote tulizoziona sisi. Nikasimama kidogo nikitafuta harufu ya petroli. Haikuwapo.

Jirani yetu yupo. Amepungua, anachagua mawe kwenye mchele kwa vidole badala ya macho. Nikamsalimu, nikajitaja, akanikalisha karibu naye kwenye kibao. Nikazunguka, nikaulizia magoti, nikaulizia wajukuu, hadi nikachoka na uoga wangu mwenyewe.

"Mama, ile siku ya filamu," nikasema. "Nilikukosea."

"Ile ya mwezi?" Vidole vyake havikusimama. "Ulisema kweli."

"Ndiyo, lakini..."

"Mwana yangu. Ile macho yake ilikuwa inawaka bluu, sawa ya wale walinzi. Ulizania sisi hatukuona? Sisi wote tuliona, tangu mara ya kwanza. Hata yeye Musemaji aliona. Na miye nilikuwa najua mutoto yangu iko chini ya udongo. Nilijua mbele ya wewe kusema."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba hatia ya kuwafumbua watu macho, kumbe katika nyumba nzima aliyekuwa haoni ni mimi.

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakuja kila soko?" nikauliza.

"Kumuona anatoka," akasema.

Akatupa jiwe dogo uani. Kuku akalikimbilia, akaliacha. Kisha akasema, kama mtu anayeomba maji, "Unisimulie basi. Wewe njo ulisoma."

Nikamsimulia. Nilianza vibaya, kwa sauti ya darasani, nikaanza tena. Niliwafikisha mwezini, nikawavalisha kofia za kioo, nikampeleka kijana kwenye mdomo wa shimo. Akanisimamisha.

"Na miti?"

"Miti waliweka jana, mama. Ya Kabambare. Migumu."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaangusha shimo, nikamweka mama yake juu asubiri, nikaleta vumbi. Nikashusha mkono kana kwamba una fimbo. "Ametoka. Ametoka muzima. Anasema: Mama, nimerudia, uko na chakula?"

Nikangoja. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele. Alisikiliza kidogo, kama anayengoja sauti nyingine ije nyuma ya yangu, kisha akaendelea kuchagua.

"Umejaribu," akasema. "Lakini yule alikuwa anaweza."