Kompyuta Iliyotetemeka Malaba

Skrini ilianza kutetemeka Jumanne asubuhi, nikiwa katikati ya majibu ya mzee mmoja wa Rukala ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji ya mto Nzoia. Kwanza mstari mweupe ulishuka kutoka juu hadi chini. Kisha maneno yote yakavutika upande mmoja kama nguo inayokamuliwa, yakarudi, yakatulia. Niliondoa mikono, nikasubiri. Nilipogusa tena, yakacheza tena.

Kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya kubeba, ile inayokunjwa kama kitabu, na mwishoni mwa miaka ya tisini sikujua mtu mwingine Malaba aliyekuwa na kitu kama hicho. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kukaa nyumbani muda mrefu nikibishana na redio, ndipo shirika moja la Nairobi likanipa kazi ya kuwahoji watu wa Budalang'i waliofukuzwa na mafuriko, na kuyaingiza majibu yao kwenye mashine hiyo. Nilikuwa na mashaka na kazi yenyewe. Unamuuliza mtu anayelala kwenye darasa la shule kwa kukosa makao, nyumba yake ilikuwa na vyumba vingapi. Anakutazama, anakujibu kwa adabu, na aibu inakushika wewe. Lakini ilikuwa kazi, na hapakuwa na nyingine. Ijumaa msimamizi wetu angekuja kuichukua mashine na kuamua ni akina nani wataendelea na awamu ya pili. Siku ya kwanza alikuwa ametuambia bila kuzunguka: atakayeharibu mashine asingoje kuitwa tena.

Tuliishi kwenye lojingi ndogo ya mama, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Dereva mmoja, mgeni wetu aliyekwamishwa na makaratasi ya mzigo, alinikuta sebuleni nimeinamia skrini.

"Ni stima hiyo," akasema. "Hii stima yenu inatoka Uganda. Wanatumia wanashiba, ile inabaki ndio wanawarushia nyinyi."

"Umejuaje?"

"Kila mtu anajua."

"Na kila mtu amejuaje?"

Akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akifuma. "Mama, huyu kijana wako ukimpa chai anauliza maji yalichotwa mto gani."

"Alianza zamani," mama akasema bila kuinua macho. "Padri alikuwa akimwona anapita njia ingine."

Nilichomoa waya wa stima. Mashine ikaendelea kwa betri, na maneno yakaendelea kucheza vilevile. Basi haikuwa stima, ya Uganda wala ya Kenya. Nilifurahi kidogo kwa sababu nilikuwa nimemshinda dereva. Halafu nikawaza: kama kosa halikuwa nje, lilikuwa ndani, pamoja na majibu ya watu wa Budalang'i. Karatasi nilizoandikia kule zililowa mtumbwini na wino wake ukatambaa. Mashine ndiyo iliyokuwa na yote.

Jumatano nusu ya skrini iliingia giza. Nilijaribu kuyanakili mafaili kwenye disketi, lakini huwezi kubonyeza usichokiona, na niliogopa kufuta kitu kwa kubahatisha. Nikaifunga mashine ndani ya sweta na kwenda nayo Busia, kwa mama mmoja aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa na kompyuta kubwa ya mezani. Nilitaka kujua jambo moja tu: inayokufa ni mashine yenyewe, au ni kioo chake? Kama ningeiunganisha na kioo cha kompyuta yake, ningeona.

Aliitazama inavyotetemeka, akarudisha kiti chake nyuma.

"Hiyo ni virusi."

"Umejuaje?"

"Boss, mimi ndio niko na ofisi. Wewe umeniletea mgonjwa, halafu unaniuliza maswali."

"Nataka kuazima kioo tu, madam. Virusi haipitii kwenye waya wa kioo."

"Umejuaje?"

Jambo hilo nilikuwa nimelisoma mahali, au nilikuwa nimesikia mtu akilisema kwa sauti ya kujiamini. Mwishowe tulikubaliana aizime kompyuta yake kabisa na kuitenga. Alilibeba sanduku la kompyuta mwenyewe hadi meza ya mbali, jinsi mtu anavyomwondoa mtoto karibu na mgeni anayekohoa. Kioo kikabaki peke yake mezani. Nikachomeka.

Kulikuwa na giza, na katika giza hilo niliwaza nitakavyorudi Rukala kumuuliza yule mzee upya habari za vyumba vyake. Kisha maneno yakatokea, makubwa, yametulia, hakuna hata herufi iliyopinda. Nilinakili kila kitu kwenye disketi, nikanakili tena kwenye disketi nyingine kwa sababu sikuiamini ya kwanza.

"Sasa umepona?" akaniuliza.

"Mimi, ndiyo. Mashine bado."

Majibu yalikuwa salama, lakini Ijumaa ilikuwa palepale. Alhamisi asubuhi nilianza upya. Niligundua kuwa nikikisogeza kifuniko nyuma taratibu, picha inatulia, na nikikileta mbele inavurugika. Basi ubaya ulikuwa kwenye bawaba, mahali waya unapopita kwenda kwenye kioo. Kuna kitu kilikuwa kimeuvuta, tena mara nyingi. Lakini nani? Mimi niliifungua kama mtu anayefungua yai.

Niliizima na kuisogeza dirishani. Kioo kikiwa cheusi, mwanga wa ubavuni ukanionyesha vialama vidogo vya duara, vimepangana kwa mstari kuelekea kona. Nilivipangusa na shati. Havikutoka. Nilikuwa nimeviona mahali vikipangana hivyo hivyo, na sikuhitaji kwenda mbali. Mezani kulikuwa na jagi la maziwa, limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni ili kisipeperuke.

Kwetu kila kitu kilikuwa na kitambaa chake: redio, viti, chupa ya chai, hata Biblia. Malori yaliponguruma kutwa, vumbi liliingia hadi kwenye sukari, na mama alipigana nalo kwa uzi na sindano. Madereva walinunua sana kwake, wakawapelekea wake zao vitambaa hadi Kampala.

"Mama, hii kompyuta huwa unaifunika?"

"Kila siku. Ukienda kuoga unaiacha mdomo wazi. Unafikiri nani anaifunga?"

"Unaifunika kwa juu?"

"Juu kuna nini? Vumbi linaingia ndani kwa hizo namba. Naweka ndani, halafu nafunga. Inakataa kidogo, lakini nikiikandamiza na mkono inakubali."

Alikwenda chumbani akarudi na kitambaa chenyewe. Kilikuwa cheupe, cha uzi mnene, na shanga za buluu zimekizunguka pande zote. Alikuwa ameipima mashine kwa kiganja siku niliyoileta.

"Ulikuwa hujakiona?" akauliza. "Nakitoa kabla hujarudi, nisikusumbue."

Sentensi yote ilikuwa tayari mdomoni mwangu: waya, bawaba, shanga, awamu ya pili. Nilimtazama anavyokinyoosha juu ya goti.

"Ni kizuri," nikasema. "Lakini leo tusiifunge, mama. Inapumzika."

Ijumaa msimamizi alifika na gari lenye matope hadi kwenye vioo. Nilimpa disketi kwanza, kisha nikaiwasha mashine mbele yake, maana sikuona faida ya kungoja aigundue njiani. Ikatetemeka. Akakisogeza kifuniko mbele na nyuma, akaiinamisha kwenye mwanga. Aliviona vile vialama, nilimwona akiviona.

"Hii imekuwaje?"

"Waya umelegea, madam. Hapa kwenye bawaba."

"Umelegezwa na nini?"

Mama akaingia na chai. "Hiyo mashine haijaonja vumbi, madam," akasema kwa furaha. "Mimi mwenyewe nilikuwa nailaza na hii." Akaweka kitambaa juu ya meza, shanga zikagonga mbao.

Msimamizi alikitazama, akatazama kioo, akanitazama mimi. Nilihesabu maua ya kitambaa ili nisiangalie uso wake. Alikunywa chai yake bila haraka.

"Majibu yote yako kwenye disketi?"

"Yote. Mara mbili."

"Waya hulegea," akasema. "Awamu ya pili utaandika kwa karatasi. Mashine sitakuachia."

Mama, aliyeelewa tu kwamba mashine inaondoka, alikichukua kitambaa na kutaka kukitandika ndani. Msimamizi akakipokea mkononi mwake, akafunga kifuniko taratibu, akakiweka juu. "Huku juu, mama. Ndio watu wakione."

Gari lilipoingia katikati ya malori, nilirudi sebuleni. Mama alilichukua faili jipya la karatasi nililoachiwa na msimamizi na kulipima kwa kiganja, urefu, kisha upana.

"Mama, karatasi hazihitaji kufunikwa."

"Umejuaje?" akauliza, na kwenda kutafuta uzi.