Nilitafsiri Uongo, Mtoto Akakosa Mama

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili nisije nikajitafutia visingizio huko mbele, maana najijua. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na asubuhi ile nilikuwa nimeshakunywa chai.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Hasira na nafsi yangu kwanza, halafu na sisi sote tuliokuwa tukiishi kwenye lile jengo la Sanyuanli, hapa Guangzhou, mwaka ule wa Olimpiki walipoanza kubana visa.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga. Nilikuja China kusoma, Kichina kikanikaa mdomoni kuliko wenzangu, nikaacha masomo nikawa mkalimani wa wafanyabiashara. Asubuhi nampeleka mteja Shahe kwenye nguo za jumla, jioni tunarudi ofisi za mizigo kufunga marobota. Mkongo, Mkenya, Mtanzania, wote walisema kupitia kwangu. Nikisema laoban amekubali, yaani mwenye duka, basi amekubali. Hakuna aliyeweza kunihakiki, na hakuna aliyeona haja.

Ila visa yangu ya uanafunzi ilikuwa imekwisha zamani. Na chumba nilichopanga kilikuwa kwa jina langu. Yote niliyoyafanya yalitoka kwenye mambo hayo mawili.

Sasa Neema. Silo jina lake, lakini nitamwita hivyo. Alikuwa mwanafunzi wa skolashipu, akisoma kwa Kiingereza, Kichina chake cha salamu tu, umri miaka ishirini, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi kule Iringa. Ukoo mzima ulimsindikiza uwanja wa ndege. Huku alikuwa ananiita dada, na likizo alikuja kulala kwangu. Mwaka ule alikuja na koti zito la baridi. Akala nalo, akaosha vyombo nalo. Siku ya tatu nikamwambia alivue, tuko ndani. Alipolivua nilikaa chini.

Miezi saba! Mwanamume alikuwa mwanafunzi wa chuo kingine, ana mke nyumbani, na alipoambiwa akabadilisha laini ya simu. Huyo simzungumzii sana. Si kwamba nimemsamehe. Ungamo hili ni langu, yeye na aje aandike lake kama ana uso.

Neema aliogopa jambo moja tu. Mabwenini walikuwa wakiambiana kwamba msichana akipata mimba skolashipu inakatwa na anarudishwa kwao. Mimi nilikuwa na Kichina cha kutosha kupiga simu chuoni kwake na kuuliza bila kutaja jina. Sikupiga. Nikamwambia ajifiche, arudi masomoni mambo yakiisha, kama vile mtoto ni homa.

Alijifungua kwangu mwezi wa tatu, msimu ule ambao kuta za mji huu hutoa maji zenyewe na nguo hazikauki. Aliyemzalisha ni Mama Bea, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepanga chumba cha jirani, mama wa watoto watano. Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu mpaka tukacheka, tukamfunika mdomo kwa upendo na kwa woga.

Mama Bea alitaka waende hospitali siku ileile. Nikakataa. Nikasema wataomba pasipoti, wataomba anwani, na skolashipu ya mtoto wa watu itapotea. Anwani ilikuwa yangu! Hilo sikulisema. Nilijificha nyuma ya skolashipu ya Neema, na yeye akanishukuru kwa kumjali.

Siku ya nne nilikuwa nimepiga magoti naandika alama za mteja kwenye robota. Neema alikuwa kitandani, mtoto ananyonya. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, hapa hakuna mahali mtu anaweza kumkabidhi mtoto, wakampokea, na yeye wasimfunge?"

Nikamjibu kwa lile neno la wauza duka wa hapa, wale wavivu wasiotaka hata kugeuka waangalie rafu. Mei you. Hakuna. Sikuinua kichwa.

Jamani! Mimi ninayeweza kuzunguka maduka ishirini nikiulizia zipu ya suruali. Mimi ninayebishana na laoban kuhusu rangi ya vifungo. Swali la roho ya mtu nimelijibu bila kuuliza hata mlango mmoja. Kila nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Wazo la kumwacha nje ya hospitali lilikuwa langu. Neema alilia siku nzima, halafu akaacha kulia, akamnyonyesha, akamvika kofia aliyoinunua Shahe. Nikamviringisha kwenye kanga na kumlaza ndani ya shangazi kaja, ule mfuko wetu wa miraba tunaopakia nguo, zipu nikaiacha wazi. Nikaenda naye mimi mwenyewe, saa moja asubuhi, watu wakielekea kazini. Nikamweka kwenye benchi la wagonjwa wa nje na kuvuka barabara.

Mama mmoja mfagiaji alimwona upesi. Aliangalia ndani ya mfuko, akatupa ufagio, akambeba mtoto akikimbia. Mimi nikapanda basi, nikaenda Shahe, nikabishania bei za jinzi mpaka alasiri. Na nilipata bei nzuri.

Siku mbili baadaye walikuja jengoni polisi wa kike na muuguzi wa makamo. Walikuwa na picha ya mtoto. Mtoto mweusi ndani ya kanga, Guangzhou, wangeanzia wapi tena? Wakatukusanya ofisi ya mizigo ya chini, wakauliza nani anajua Kichina. Vidole vyote vikanielekea.

Nilimwelewa yule muuguzi neno kwa neno. Alisema mtoto ana umanjano wa watoto wachanga na chupa anaikataa. Alisema mama aje, kama ni mgonjwa atatibiwa. Kama hawezi kulea, aseme kwa mdomo wake, waandike jina lake na nchi yake, mtoto asiishi bila asili. Akija sasa mwenyewe, alisema, hilo ni jambo jingine kabisa, si sawa na aliyetupa mtoto akakimbia. Yule polisi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Muuguzi alipofika kwenye chupa machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono.

Watu wakanigeukia, wakisubiri.

Nilijua swali la kwanza ambalo Neema angeulizwa: ulijifungulia wapi, kwa nani? Nikafungua mdomo.

"Wanasema wameiona kanga, wanajua mama ni wa kwetu. Akipatikana anafungwa. Na visa za jengo zima zitakaguliwa."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Wala sauti haikutetemeka, nilikuwa mzoefu.

Kila mtu akajibu bu zhidao, sijui. Hilo ndilo neno la Kichina analolijua hata aliyeshuka kwenye ndege jana, na akiona sare tu linamtoka lenyewe. Tulikuwa tunasaidiana kwa kila kitu, mtu akifa tunachanga maiti isafirishwe, lakini polisi akiingia hakuna anayemjua jirani yake. Walioijua ile kanga walikuwepo. Walisema bu zhidao.

Mama Bea peke yake ndiye aliyenivuta pembeni.

"Ule infirmière analia," akasema, akimwonyesha muuguzi kwa kidevu. "Mutu mwenye anakuya kufunga batu, analia juu ya nini?"

Nikamwambia hawa ndivyo walivyo, wanalia na wanafunga. Akarudi kusimama na wenzake, hakumfuata muuguzi. Na yeye alikuwa na visa ya siku chache, simlaumu. Mwenye lugha nilikuwa mimi.

Nilipopanda juu nilimkuta Neema kwenye ngazi, anashikilia ukuta uliolowa. Alikuwa amesikia sauti yangu tangu mwanzo.

Wiki ileile akaondoka. Skolashipu tuliyomtolea mtoto sadaka akaiacha mwenyewe, akasema hawezi tena kukaa darasani mji huu. Alikuwa na homa, maziwa yamejaa, amejifunga kifua kwa mtandio wangu. Pale uwanja wa ndege akanishika mkono.

"Dada, ni kweli walisema vile?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, mchana kweupe. Zilikuwa zimebaki saa tatu ndege iondoke. Tungeweza kuchukua teksi tukarudi.

"Ni kweli," nikasema.

Baada ya miezi saba nilimpeleka mteja mgonjwa hospitali ileile. Yule muuguzi alinitambua kabla sijamtambua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniuliza kama siku ile watu wangu walimwelewa vizuri. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole, akasema basi mama hakumtaka. Akaniambia walimsubiri mwezi mzima, yeye mwenyewe alikuwa akitazama mlango wa wodi kila mtu akiingia, mpaka mtoto akapona na kupelekwa makao ya watoto, wazazi hawajulikani. Baadaye akasikia mtoto amehamishiwa mji mwingine, mji wenyewe haujui.

Siku ile pia ndipo nilipopiga simu chuoni kwa Neema. Ndiyo, siku ile, mambo yameshaoza! Mtu aliyepokea akaniambia kuna wanafunzi wanaosimamisha masomo mwaka mmoja kwa sababu ya uzazi, waandike barua tu. Mazungumzo yale hayakumaliza hata kadi ya simu.

Nikampigia Neema kwao. Nikamwambia yote, na visa yangu, na anwani, na maneno ya muuguzi nikayatafsiri sawasawa kwa mara ya kwanza. Nilidhani atanitukana, nilitaka anitukane.

"Walikuwa wananiita," akasema. "Na mimi nilikuwa pale ngazini."

Akakata simu. Hajapokea simu yangu tena.

Nasikia kwa watu kwamba baba yake, yule mwalimu, anaandika barua ubalozini, na majibu ni yaleyale: mama ana uthibitisho gani? Hana karatasi hata moja. Kofia na kanga si cheti. Nimejitolea kwenda kutoa ushahidi, nifungwe, nirudishwe, lolote liwe. Nimekwenda makao ya watoto mara mbili. Faili halionekani.

Mama Bea, niliyemwungamia pia, aliwaeleza watu, na alifanya haki. Wateja wameniacha. Lakini hata wasingeniacha, siwezi tena kazi ile. Mchina akisema sentensi nzima mbele yangu nasikia kwanza ile niliyoisema mimi.

Sasa nawageukia ninyi, na kama nawakera, kerekeni! Mteja mmoja aliniambia ziko nchi ambako sheria inamruhusu mama kumkabidhi mtoto mchanga hospitali, akiwa mzima, bila kushitakiwa. Hapa sijasikia sheria ya namna hiyo. Kwetu nyumbani je? Nimewauliza watu wazima, wenye digrii, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yao iko wapi. Hawajui. Wanajua kontena likitoka bandari ya Huangpu linachukua siku ngapi kufika Dar es Salaam. Halafu mtoto akiokotwa jalalani tunasimama kumzunguka tunamlaani mama, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia binti yake, ukikwama nenda mahali fulani, kuna mtu atakusikiliza. Wanafiki sisi!

Na wewe unayesoma, ipo siku binti atakujia ameshika tumbo au amebeba kichanga, akuulize kama kuna mahali. Atakuuliza wewe kwa kuwa anakuamini, labda unajua lugha, labda unajua mji, labda umemzidi umri tu. Nakuomba usimjibu. Hata kama unadhani unajua, usimjibu. Mshike mkono mwende hospitali, mwende ustawi, mwende kanisani au msikitini, mkaulize wote wawili, na wewe ufunge mdomo wako ili jibu alisikie kwa masikio yake mwenyewe.