Mfereji Tuliouziba Vudee

Binamu yangu Mbonea alinipigia simu Jumatano kunieleza kwamba mama yake nusura aporomoke kwenye ukingo wa shamba, na kwamba mchoro wangu ndio uliomponza. Mama yake ni shangazi yangu Nakijwa, wa kijiji cha Vudee, juu milimani Upareni. Presha ya macho imemwachia mwanga na kivuli tu. Mimi ni msanifu majengo Dodoma, na miezi miwili nyuma nilikuwa nimewatumia kwa simu mchoro wa ua salama: saruji laini kutoka mlangoni hadi jikoni na chooni, na mfereji wa maji unaokatiza uani ufunikwe, nao wakajenga vilevile. Niliringa nao, ingawa sikuwa nimepanda kwenda kumuuliza mwenye ua. Sasa Mbonea alitaka kumhamishia kwake mjini Same, naye shangazi hakutaka hata kusikia. Nikaomba ruhusa kazini.

Alhamisi jioni nilishuka Same, kwenye joto na vumbi lake. Mbonea alinionyesha chumba alichomwandalia mama yake, safi kabisa, na kiti cha plastiki kando ya kitanda.

"Hapa atakaa tu, kaka. Kila kitu ataletewa."

Nilikitazama kile kiti, moyo ukaniuma. Mbonea si mtoto mbaya. Aliogopa, na mimi ndiye niliyemtia hofu.

Ijumaa asubuhi tulipanda kwa bodaboda mbili. Nilianza safari na shati jepesi, kufika kwenye migomba nikawa natetemeka ndani ya koti la kuazima. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umeniletea saruji nyingine?"

Nilicheka kwa aibu. Akanieleza bila hasira. Mfereji ulikuwa ukimwongoza: maji yakisikika kushoto, anaelekea jikoni, yakiwa mgongoni, yuko njia ya choo. Udongo wa jikoni ulikuwa na majivu, wa kingoni una changarawe, na mguu wake ulivijua vyote.

"Sasa ua mzima umenyamaza," alisema. "Kila mahali ni palepale."

Nikajifunga kanga yake usoni, nikaenda kutafuta jikoni. Nilijikuta nimeshika mlango wa banda la kuku. Shangazi alisikia kuku wakilalamika, akacheka hadi akakohoa.

Jumamosi, jua likichomoza, baragumu lilipigwa kuita watu kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu mawe ya kufunika mfereji yalikuwa yamewekwa na msaragambo huohuo. Nilipoomba yaondolewe, jirani yetu Mama Neema, aliyeongoza kazi ile, alisimama katikati ya ua na mikono kiunoni.

"Tumebeba mawe kutoka bondeni siku nzima. Leo tumfukulie shimo mtu asiyeona? Akivunjika mguu tutasema nini?"

Mbonea alikubaliana naye. Nilianza kueleza mambo ya kitaalamu, hakuna aliyenisikiliza. Shangazi akainuka.

"Mama Neema, asanteni kwa mawe. Nililala nikiwaombea. Sasa naomba mnirudishie maji yangu."

Mama Neema akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaokota mtaimbo.

Tulifunua mfereji wote, tukaacha jiwe moja pana la kuvukia. Saruji ya njiani tuliichonga mikwaruzo ili mguu uihisi, kingoni tukamwaga changarawe na kuweka uzio wa miti unaofika kiunoni. Mchaichai ulipandwa mlangoni pa jikoni, anuse akifika. Shangazi ndiye aliyekuwa msanifu siku hiyo. Aligonga kila jiwe kwa fimbo: "Hapa. Hapana, rudi kidogo." Mimi niliandika tu, na makande yalipoiva nilikula kama waliobeba mawe.

Jumapili baada ya ibada ulikuwa wakati wangu wa kuondoka. Nimeshachora majumba mengi, lakini nakiri ua ule niliuchora kwa macho yangu, kwa ajili ya mtu anayetumia masikio, pua na nyayo. Siku hizi sichori mpaka niwe nimefunga macho na kutembezwa na mwenye nyumba.

Shangazi alisema lazima anisindikize hadi barabarani. Mbonea akamshika mkono, shangazi akauondoa taratibu. Alitembea mbele yetu, akavuka mfereji juu ya lile jiwe bila kusita, akafika.

"Msalimie mkeo. Mwambie nimefika mpaka hapa," alisema, kisha akageuka kurudi peke yake.

Mbonea alipiga hatua mbili kumfuata, akasimama. Tulisikia fimbo ikigusa changarawe, halafu saruji, halafu mlango wa jikoni ukafunguka.

"Mbonea! Chai inapoa!"

Mbonea alijifuta uso kwa kiganja.

"Kaka, safari njema," akaniambia. "Naenda kunywa chai kwa mama."