Dhamana ya Susu

Wiki jana niliingia chuo kikuu hapa Machakos, na mtu asicheke. Nilikuwa nimepeleka viti vya kukodisha, nikabaki nikitazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakisajiliwa.

Kwenye meza ya uchumi alisimama msichana na nyanyake, susu kwa Kikamba. Karani alitaka cheti halisi cha sekondari. Susu akakumbatia kiondo, kikapu alichotia cheti.

"Hati ya shamba nilipeana kwa ofisi, nikaambiwa ningoje hapo. Mpaka leo nangoja."

"Susu, mpe tu!" msichana akalia. "Saa sita wanafunga, nafasi yangu itaenda!"

"Ni kutoa kopi hapo ndani, dakika mbili," karani akasema.

"Sawa. Na wewe utaniachia nini?"

Karani akaangalia saa, akavua kitambulisho cha kazi shingoni. Susu akakivaa, ndipo akatoa cheti. Kabla karani hajarudi, wazazi waliokuwa kwenye foleni walishaanza kumuuliza susu mambo ya hosteli, naye akawaamuru wapange laini vizuri.

Cheti kiliporudi alikigeuza pande zote mbili, kisha akarudisha kitambulisho. Msichana akapigiwa muhuri zikiwa zimebaki dakika kumi.

Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini uchumi naweza kufundisha hata profesa. Ningekuwa susu, karani angeniachia na viatu. Nilifika stendi nikijisifu hivyo, ndipo nikakumbuka viti vyangu mia mbili nimeviacha kule bila hata sahihi ya mtu.