Siku Niliyomwimba Maksai Katikati ya Jazi

Nitawasimulia, lakini msinitazame usoni, maana hadi leo kuna watu hapa Lodwar ambao wakinikuta sokoni huinua mikono juu kama pembe, kisha hujifanya wanajinyoosha.

Papa Dido, mpiga saksafoni Mkongo anayeishi Kakuma, ana bendi inayochanganya jazi na fanki na soul na midundo ya Kilatini, muziki unaokujia kama mto Turkwel ukifurika kwa mvua ambayo wewe hukuiona, na alikosa mtu mmoja tu, wa kugonga kengele. Nikamwambia kengele ninayo, tena ya maksai halisi (maksai wa mjomba wangu anayeishi Kaaleng, na maksai huyo mimi nimemwona mara mbili tu). Akasema nikigonga vizuri kwenye onyesho la Lodwar, nafasi ni yangu. Nikautangazia mji mzima kabla sijaipata.

Mazoezini Kakuma sikufika hata siku moja, nilikuwa nahangaika na sura ya mwisho ya riwaya yangu. Alasiri ya onyesho, tukifunga nyaya, Papa, ambaye huniita Petit, yaani mdogo kwa Kifaransa, akaniuliza, "Petit, alama za mikono yangu unazijua?"

Ningesema hapana, yangeishia hapo.

"Nazijua, Papa."

"Zote?"

"Zote."

Tukaanza, na nawaapia niligonga vizuri, besi ikinibeba, mama yangu mstari wa mbele na wenzake wa kanisani, shanga zikitikisika shingoni. Mara Papa akainua mikono yote miwili juu, imepinda kidogo. Kwake maana yake ni kimya wote, hesabu nne, kisha turudi pamoja. Kwetu Waturkana, mtu akiinua mikono hivyo katikati ya ngoma, hizo ni pembe, na ni zamu ya mtu kumwimba na kumsifu ng'ombe wa kwao.

Bendi iliponyamaza nikaona wamenipisha kwa heshima, nikaitupa kengele, nikainua pembe zangu, nikaruka na kumwimba maksai wa mjomba kwa pumzi yote niliyojaliwa. Hesabu ya nne ikapita. Mpiga ngoma akaingia, akanikuta bado niko malishoni, akatoka.

"Petit," Papa akaninong'oneza, "huyo ng'ombe yako anaisha saa ngapi?"

Akina mama, kuona mtoto wao anaaibika, wakasimama wakaitikia na kupiga makofi, na ni kwenye makofi yao, si kwangu, ndipo bendi ilipopata pa kurudia. Mimi wakati huo niko chini ya viti natafuta kengele.

Baadaye Papa akaja upande wetu, nikasafisha koo niombe radhi. Akanipita, akainama mbele ya mama.

"Mama, weye unashika mdundo. Jumamosi tuna mazoezi Kakuma. Utakuja?"

"Na hii yangu?" mama akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Yeye atakaa kwa kiti, asikilize."

Mama akakubali bila kunitazama. Tangu hapo, nikiulizwa kama najua jambo, hata njia ya kwenda kwetu, nasema sijui, nieleze polepole.