Kengele ya Jumanne

Gozbert alikuwa na mambo mawili ya kujivunia katika maisha yake. Kahawa yake haikuwahi kurudishwa na chama cha ushirika kwa unyevu, na kengele yake haikuwahi kukosea. Kengele yenyewe, tusidanganyane, ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa msizi ulio kando ya kanisa dogo la Kilutheri, kijijini kwao, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Muleba mjini. Huigonga kwa kipande cha nondo. Lakini jaribu kumwambia Gozbert kwamba ile ni rimu! Atakuuliza wewe kwenu mnagonga nini.

Miaka thelathini na mmoja ameigonga. Ya ibada huigonga haraka haraka, kama mtu anayeita watoto kula. Ya hatari, nyumba ikiungua au mwizi akionekana, haina mpangilio, ni kelele tupu. Ya msiba ndiyo iliyompa heshima. Anagonga mara moja, ananyamaza hadi amehesabu ishirini, kisha anagonga tena. Ikisikika hiyo, kijiji kizima kinaweka jembe chini, kwa sababu pale hakuna anayelima kibanja chake wakati jirani hajazikwa. Wanawake wanabeba ndizi na kuni, wanaume wanakwenda kukata nyasi za kutandaza sebuleni ili wafiwa wakae chini. Si kitu cha kuchezea. Ndiyo maana wazee wa kanisa walimwekea sharti tangu siku ya kwanza: asigonge ya msiba mpaka aambiwe kwa mdomo, na aliyemwambia awe amemwona marehemu kwa macho yake, au ametumwa na aliyemwona.

Miaka yote alilishika sharti hilo, mpaka Jumanne ile.

Kila mtu Kagera alijua kwamba Askofu mstaafu Joackim Karugendo alikuwa anaondoka. Alikuwa na miaka themanini na minane, na hospitalini walikuwa wamemwambia binti yake, Nancy, kwamba ni afadhali mzee apumzike kwake Buhembe, pale Bukoba mjini, kati ya watu wake. Hata Wakatoliki walikuwa wakimwombea kwenye jumuiya zao. Kwa kijiji cha Gozbert uchungu ulikuwa wa karibu zaidi, maana Askofu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, na alikuwa amekwisha kusema kwamba azikwe palepale, kwenye kibanja cha baba yake.

Asubuhi hiyo Gozbert alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa akisoma kundi la WhatsApp la usharika. Ujumbe ukaingia: Baba Askofu ametutoka asubuhi hii. Chini yake palikuwa na picha ya mzee akiwa na joho, na mshumaa umechorwa pembeni. Hapohapo wakafuata watu na vikaragosi vyao vya machozi, wanne, saba, kumi na wawili.

Alisikitika, hilo tusimnyime. Lakini chini ya masikitiko palikuwa na kitu kingine ambacho hakuwahi kumwambia hata mkewe. Mchungaji wao wa zamani alipofariki, Wakatoliki wa kilima cha pili waliwahi kugonga kengele yao kabla yake, wakamgongea mchungaji wa Kilutheri wakati mpiga kengele wa Kilutheri yuko shambani anapalilia maharage. Walimcheka mwezi mzima. Sasa alisimama akatazama kile kilima. Alimpigia simu mwinjilisti Mwesiga, aliyekuwa Kemondo kwenye semina, na simu haikupatikana. Akangoja. Mwenyewe husema alingoja sana, lakini hazikufika dakika tatu. Akachukua nondo.

Saa hiyohiyo, nyumba ya tatu kutoka pale, Ma Kokubanza alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, tayari kwa safari. Alikuwa mdogo wake Askofu, wa tumbo moja, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka themanini na minne. Alivaa gauni lake la ibada na viatu ambavyo huvaa Krismasi na Pasaka. Mapajani alikuwa na kifurushi cha majani makavu ya mgomba, na ndani yake senene waliokaushwa vizuri. Zamani mwanamke wa Kihaya hakula senene. Aliwakamata, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, wakaliwa na baba na kaka zake. Kokubanza alimfanyia hivyo Joackim tangu ana miaka sita, na hakuacha hata Joackim alipokuwa askofu mwenye mpishi. Jumapili Nancy alikuwa amepiga simu akicheka na kulia pamoja. "Shangazi, baba anasema uje na senene, na usimpe mtu njiani."

Gari la kukodi la Byabato, dereva wa Muleba, lilikuwa lije saa sita.

Kengele ikalia mara moja. Ma Kokubanza aliinua kichwa. Ikanyamaza, ikalia tena. Aliposikia ya tatu aliinama akavua viatu, akavisogeza chini ya benchi.

Byabato alipofika alikuta nyasi zimetandazwa sebuleni na uani pamejaa watu. Ma Kokubanza alimwambia, "Rudi tu, baba. Nilikuwa namfuata, sasa yeye ndiye atakayekuja." Byabato akavua kofia, akazima gari, akakaa na wanaume.

Gozbert naye alifika, na alipokewa kwa heshima. Walimpisha kwenye kigoda. Dakika chache baadaye redio ikatangaza kwamba Baba Askofu yuko hai, na kwamba watu wapuuze uvumi. Uani pakawa kama mnadani.

"Mtu mkubwa hatangazwi siku aliyokufa," alisema mmoja. "Wanakaa vikao kwanza."

"Mimi mwanangu yuko Hamugembe," alisema mwingine. "Anasema wenye maduka wamefunga, halafu wakafungua, sasa wamefungua mlango mmoja tu."

Ujumbe mwingine ukaingia kwamba alikuwa amekufa lakini ameombewa akaamka. Dativa, jirani Mkatoliki aliyekuwa anamenya ndizi, akauliza kwa sauti, "Sasa mimi hizi ndizi nimenye au nisimenye?" Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

Ndipo simu ya Ma Kokubanza ilipoita. Aliyempigia ni Nancy, na kwa kuwa bibi husikia kwa shida, sauti iliwekwa juu na kila mtu akasikia.

"Shangazi, usiwasikilize watu. Baba yu hai. Amezidiwa, lakini anakuulizia. Njoo, shangazi, njoo leo." Na katikati ya maneno hayo Nancy akalia.

Ma Kokubanza aliiweka simu kwenye nyasi. "Mmesikia?" aliuliza. "Amezidiwa, njoo."

Watu wakatikisa vichwa. Nani asiyejua kwamba ndivyo mtu anavyoitwa msibani? Huambiwi amekufa, usije ukaanguka njiani. Unaambiwa amezidiwa, njoo. "Mume wangu alipozama ziwani kule Kemondo waliniambia maneno hayohayo," alisema Ma Kokubanza. "Nikafunga safari na uji kwenye chupa ya chai. Nikamkuta amefunikwa shuka. Sasa na huyu mtoto analia. Mtu anamlilia aliye hai?"

Halafu akamgeukia Gozbert, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa. "Simu zinasema hivi na hivi. Mimi najua kengele. Ta Gozbert hagongi mpaka aambiwe na aliyeona. Si ndivyo, waitu?" alimwuliza kwa heshima ya Kihaya.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, angeweza kupita nayo na mzigo kichwani. Angesema, Ma, niliona kwenye simu kama hawa wengine. Wangemzomea, Dativa angekuwa na la kusimulia hadi Krismasi, na Byabato angewasha gari. Lakini uani palikuwa na watu sitini, na wote walikuwa wanamtazama.

"Ndivyo, Ma," alisema Gozbert.

Jumatano hakwenda msibani. Alimwambia mkewe tumbo linamsumbua. Alisimama kibanjani kwake, na hata kulima hakuweza, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyesimamisha majembe yote. Kijiji kilikuwa kimya. Alisikia aibu kwa kile kimya, maana kilikuwa kimya cha kumtii yeye. Kwenye simu ilikuja picha ya Askofu akinyweshwa uji. Majirani waliikataa palepale: ya zamani hiyo, tazama shuka, hiyo ni ya mwaka jana. Kila ushahidi ulioletwa waliuweka kwenye mizani na ile kengele, na kengele ikawa nzito zaidi. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba nyuma ya kengele hakukuwa na kitu.

Alijiambia kwamba pengine mzee amekwisha kufa kweli, na ikiwa hivyo hakuna kilichoharibika. Alijikuta anatumaini hivyo. Alipojigundua alikaa chini kwenye majani makavu, akaona kwamba yeye si mtu mwema kama alivyodhani. Watu wengi hufa bila kupata habari hiyo.

Alhamisi, jua lilipotoka, alikwenda. Ma Kokubanza alikuwa amekaa palepale kwenye nyasi, na wanawake wawili wakisuka mkeka huku wakimpa mazungumzo ya kumpumzisha. Gozbert alipiga magoti. Wanaume wa pale hawampigii mwanamke magoti, na wale wanawake walijua papo hapo kwamba kuna jambo.

"Ma, Jumanne hakuna aliyeniambia," alisema. "Niliona kwenye simu. Mwinjilisti sikumpata. Niligonga ili wenzetu wa kilima cha pili wasinitangulie. Uliponiuliza mbele ya watu nikakudanganya. Nancy alikuambia kweli."

Bibi alimgeukia. Hakupaza sauti, na Gozbert angelipa chochote ili aipaze.

"Kwa hiyo kaka yangu aliniita," alisema, "na mimi nikakaa."

"Ndiyo, Ma."

"Nipe viatu vyangu. Viko chini ya benchi."

Gozbert alimvalisha viatu kwa mikono yake. Byabato aliitwa, akaja mbio na tairi zimejaa tope. Bibi alikaa mbele na kifurushi chake mapajani, Gozbert nyuma. Walipopita njia panda ya Kemondo simu ya bibi iliita, Byabato akaitazama, na bibi akasema, "Iache. Nishasikia simu za kutosha." Gozbert alimwomba Mungu ampe mzee dakika chache tu, hakuomba hata siku. Aliomba mzee akute mkono wa dada yake, ajue amekuja, basi. Alikuwa hajawahi kusali kwa haja kubwa namna hiyo, na kanisani hukaa kiti cha mbele.

Buhembe, kwenye geti la Askofu, wanawake walikuwa wamesimama, na kanga wamezifunga viunoni.

Nancy alitoka akamkumbatia shangazi yake. "Nimekupigia," alisema. "Nimekupigia sasa hivi. Bado ana joto, shangazi. Jumanne alikuwa anaongea vizuri kabisa, akauliza gari limefika wapi. Jana maneno yalimwisha, ila kila mlango ulipofunguliwa alikuwa anageuka." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kwa sababu hakujua, "Ni nini kilikuchelewesha?"

Gozbert alikuwa nyuma yao hatua mbili. Alingoja jina lake litajwe. Alitaka litajwe.

"Nilikuwa nimekaa," alisema Ma Kokubanza, akaingia ndani.

Alikaa huko muda mrefu. Watu walizidi kufika, na huko nje mabishano yalikuwa bado yanaendelea: wengine walisema amefariki sasa hivi, wengine tangu Jumanne, na kijana mmoja alikuwa akiapa kwamba ana ujumbe unaosema yuko hai. Gozbert alisimama karibu na ukuta wa jiko. Hakumsahihisha mtu.

Bibi alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Alitazama huku na huku hadi akamwona, akamwita kwa mkono. Alifungua kile kifurushi, akamnyooshea.

"Kula."

"Ma, siwezi."

"Mimi ni mwanamke wa zamani, sili senene. Na kaka mwingine sina. Unataka niwatupe?"

Gozbert alichukua mmoja, akatafuna. Bibi hakuondoka. Akachukua mwingine. Walikuwa wamekaushwa kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka sabini na minane, chumvi imekaa mahali pake, na Gozbert alitafuna huku machozi yakimwingia mdomoni. Ma Kokubanza alisubiri mpaka alipommaliza wa mwisho. Kisha akayakunja yale majani, akayaweka kwapani.

"Nimemwona kwa macho yangu," alisema, "na nakuambia kwa mdomo wangu. Sasa nenda ukagonge."